Nyika si msitu uliokatwa

Kila mvua zinapokaribia nchini Kenya, hesabu huanza upya. Kaunti zinaahidi miche yao, wizara zina mafungu yao, benki na shule nazo hazibaki nyuma, na yote hujumlishwa kuelekea lengo lililotangazwa Desemba 2022: miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, ili eneo lenye miti lifike asilimia 30 ya nchi. Tarehe 13 Novemba 2023 ilifanywa sikukuu ya kitaifa ili wananchi washike majembe. Ng'ambo ya mpaka, kila halmashauri ya Tanzania imewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Mjadala unaofuata huwa ni uleule. Je, idadi hiyo inawezekana? Miche mingapi itakuwa hai baada ya kiangazi? Nani ataimwagilia? Ni maswali ya haki. Lakini wanaoshangilia na wanaobeza wanakubaliana katika jambo moja bila kulitamka, kwamba ardhi yenye miti michache ni ardhi iliyopungukiwa, na kila mti unaoongezwa ni faida. Hapo wote wanakosea.

Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi inayolengwa na kampeni hizi haikupoteza msitu, kwa sababu haikuwa msitu. Ni nyika, jamii kamili ya mimea ambamo nyasi, vichaka na miti vimeishi pamoja tangu kale ya kale, kila mmoja akimbana mwenzake leo na kumfaa kesho. Ukiipima nyika kwa idadi ya miti utaiona mgonjwa hata siku iliyo nzima. Angalia hesabu yenyewe. Tathmini ya rasilimali za misitu ya mwaka 2021 iliiweka Kenya kwenye asilimia 12.13 ya eneo lenye miti. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi hiyo ni kame au nusu kame. Asilimia 30 haiwezi kupatikana kwa kuijaza Mau, Aberdare na Kakamega peke yake. Ni lazima jembe liingie nyikani. Na si Kenya tu. Mpango wa Afrika uitwao AFR100, uliozinduliwa 2015, unataka hekta milioni 100 zirejeshewe uhai kufikia 2030, na humo Kenya imeahidi hekta milioni 5.1, Tanzania milioni 5.2. Mwaka 2024 mwanaikolojia Catherine Parr na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa ahadi hizo, wakaonyesha kwamba takribani hekta milioni 70 zilizotengwa barani zimo katika hatari ya kupandwa miti mahali ambapo msitu haukuwa asili yake, na kwamba zaidi ya nusu ya miradi ya upandaji miti waliyoichunguza iko nyikani.

Ili kuona kwa nini jambo hili si ubishi wa wasomi tu, inabidi kurudi kwenye swali la zamani la ikolojia: mimea tofauti inayohitaji vitu vilevile inawezaje kuishi mahali pamoja bila mmoja kuwamaliza wengine? Mwaka 1934 Mrusi Georgy Gause, akifanya majaribio na viumbe wadogo ndani ya chupa, alionyesha kwamba wawili wenye mahitaji yaleyale kabisa hawadumu pamoja, mmoja hushinda. Sasa ichukue sheria hiyo uipeleke uwandani. Mimea yote inataka mwanga, maji, naitrojeni, fosforasi na pa kushika mizizi, basi. Kwa mantiki ya chupa, nyika ingepaswa kuwa na aina moja tu ya jani. Badala yake unakuta aina kadhaa za nyasi katika hatua chache za mguu, na miti juu yake. Jibu ambalo wanaikolojia wamelifikia baada ya miongo mingi ni kwamba majirani hudumu pale ambapo kila aina inajibana yenyewe kuliko inavyowabana wengine. Aina ikizidi, inagombania maji ya kina kilekile, inavuta wadudu na magonjwa yake, inaliwa na mnyama anayeipenda. Ikipungua, inapata nafuu. Mizizi mifupi na mirefu, mvua ya mapema na ya kuchelewa, moto mwaka huu na hakuna mwaka ujao, pundamila anayekata mabua na nyumbu anayefuata machipukizi: kila tofauti ya namna hiyo ni nafasi ya mtu mwingine kupumua.

Swali hilohilo lilizua ugomvi mkubwa kabla ya hapo. Mmarekani Frederic Clements alidai mwaka 1916 kwamba jamii ya mimea ni kama kiumbe kimoja kinachozaliwa, kinakua na kufikia utu uzima wake, na utu uzima huo huamuliwa na hali ya hewa. Mwenzake Henry Gleason akasema hapana, kila mmea una safari yake, na tunachokiita jamii ni waliokutana njiani. Mtetezi mkali wa Clements upande wetu wa dunia alikuwa John Phillips, aliyefanya kazi Kondoa, Tanganyika, katika utafiti wa mbung'o mwishoni mwa miaka ya 1920. Makala zake ndizo zilizomkasirisha Mwingereza Arthur Tansley hata akaandika, mwaka 1935, jibu ambamo dhana ya mfumo ikolojia ilitajwa kwa mara ya kwanza. Ninalikumbusha hili kwa sababu mawazo ya Clements hayakufa, yalihamia maofisini. Yeyote anayeitazama nyika na kusema ni msitu ambao haujakomaa, au msitu uliorudishwa nyuma na mifugo na moto, anasema maneno ya 1916 bila kujua.

Takwimu za bara zinasema vingine. Mwaka 2005 Mahesh Sankaran na kundi kubwa la watafiti walikusanya vipimo kutoka maeneo 854 ya nyika za Afrika, wakagundua mpaka wenye maana: takribani milimita 650 za mvua kwa mwaka. Chini ya hapo, maji yenyewe ndiyo yanayoizuia miti kufunga anga. Hata ukizuia moto na mifugo, mvua haitoshi kuilisha miti mingi kuliko kiasi fulani. Juu ya hapo maji yanatosha msitu, na kinachoiacha nyika iwe nyika ni moto na wanyama. Mche wa mgunga huota, moto hupita na kuukata hadi kwenye shina, nao huchipua tena kutoka mizizini, mwaka baada ya mwaka, hadi utakapopata nafuu ya misimu kadhaa na kuinua kichwa juu ya ndimi za moto. Sasa weka kampeni ya miche juu ya ramani hiyo. Upande mkavu, miche iliyobanana itakufa kwa kiu, na iliyopona itakuwa imeinyang'anya nyasi maji. Upande wenye mvua, ambako serikali huja na miche pamoja na amri ya kuzuia moto na malisho, miti itastawi kweli, na nyasi zitakufa kwa kivuli. Sioni upande wa tatu.

Serengeti ni shahidi mzuri, tena ilifanya jaribio hili bila kitalu hata kimoja. Sotoka iliyoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 iliwamaliza ng'ombe na nyumbu. Chanjo ya ng'ombe ilipoufukuza ugonjwa huo mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu walikuwa kama 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamevuka milioni moja. Midomo yote hiyo ilikula majani ambayo zamani yalikauka na kuwa kuni za moto wa kiangazi. Moto ukapungua, na miti ikaongezeka. Chanjo ya ng'ombe ilipandisha miti. Aliyekuwa akiitazama miti peke yake asingeelewa chochote kilichotokea.

Uhusiano wenyewe una sura mbili, na hapa ndipo wapandaji miti wana hoja ya kweli wasiyoitumia vizuri. Mti wa nyikani si adui wa nyasi. Katika utafiti uliofanywa Tsavo miaka ya 1980 na Joy Belsky na wenzake, majani chini ya migunga na mibuyu yalikuwa mengi kuliko ya uwanda wa wazi kando yake, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi mahali pakavu. Ukisimama chini ya mgunga mwavuli saa saba mchana utaelewa sababu bila kipimo chochote: udongo ni wa baridi, una rangi nyeusi zaidi, umejaa majani madogo yaliyooza, vinyesi vya ndege waliotua juu na vya mbuzi waliopumzika chini. Nyasi za hapo ni za aina nyingine kabisa, pana na laini, na hubaki na ukijani baada ya zile za juani kugeuka rangi ya mkate. Wafugaji wanajua hili tangu zamani. Ndiyo maana ukiwauliza mti upi usikatwe wana majina.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Kandokando ya Tarangire, watafiti walipima kinachotokea usiku chini ya mgunga huohuo. Mizizi mirefu hupandisha maji kutoka chini na sehemu yake huvujia kwenye udongo wa juu kavu, mahali ambapo nyasi zingeweza kuyanywa. Ni ukarimu wa ajabu, na ungetosha kuandikiwa hadithi. Kisha wakachimba mitaro kuzuia mizizi ya mti isifike kwenye vipande fulani vya nyasi. Nyasi zilizotengwa na mti, yaani zilizokosa maji hayo ya usiku, zilistawi kuliko zilizoachwa nao. Mti ulikuwa ukitoa kwa mkono mmoja na kuchukua zaidi kwa mwingine. Kwa hiyo mti uleule ni msaada kwa kivuli na mbolea yake, na ni mshindani kwa mizizi yake. Jumla yake inategemea mvua, udongo, aina ya nyasi, na hasa umbali wa mti unaofuata. Mgunga mmoja katikati ya uwanda ni neema. Migunga mia katika eneo hilohilo, vivuli vikigusana na mizizi ikipishana, ni kitu kingine kabisa. Hakuna idadi ya miti inayoweza kukuambia hilo, kwa sababu idadi haina majirani.

Na majirani si mimea tu. Katika udongo mweusi wa Laikipia unatawala mgunga mfupi wenye miiba iliyovimba kama vinundu vyeusi, ule unaopiga mluzi upepo ukivuma kwenye matundu yake. Matundu ni ya sisimizi. Mti huwapa nyumba ndani ya vinundu na utamu unaotoka kwenye majani, nao hutoka kwa maelfu kumuuma puani tembo au twiga anayethubutu. Mwaka 2008 Todd Palmer na wenzake walieleza kilichotokea katika maeneo yaliyozungushiwa uzio yasifikiwe na wanyama wakubwa kwa miaka kumi. Ungetegemea miti ipone, maana hakuna wa kuila. Kumbe miti ilipunguza utamu na vinundu, kwa kuwa haikuwa na sababu ya kulipa walinzi. Sisimizi walinzi wakadhoofika. Wakaingia wengine wasiolinda, ambao hukaa kwenye mashimo ya mbawakawa wanaotoboa shina. Na miti hiyo ikakua polepole na kufa zaidi. Kuulinda mti dhidi ya mlaji wake kuliudhuru mti. Mwaka 2024 Mkenya Douglas Kamaru na wenzake waliongeza sura nyingine kutoka hifadhi ya Ol Pejeta, hukohuko Laikipia: sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa amewaua wale walinzi, tembo wamevunja miti, uwanda umekuwa wazi, na simba waliokuwa wakijificha nyuma ya miti hiyo wamekosa pundamila na kugeukia nyati. Tukiona mdudu wa ukubwa wa punje ya mchele akibadilisha mlo wa simba kupitia mti, ni ujasiri wa aina gani kuamini kwamba tunaweza kumwaga miche milioni mahali fulani na kujua matokeo?

Sasa tuzipime hoja za upande wa pili, na nianze na zilizo na nguvu. Ya kwanza ni kuni na mkaa. Familia nyingi za Afrika Mashariki bado zinapika kwa miti, na kama haipandwi mahali fulani itakatwa mahali pengine. Ni kweli, na sina jibu la kuipinga, ila kuomba iitwe kwa jina lake. Shamba la miti ya kuni ni shamba, kama la mahindi. Lipangiwe mahali karibu na watumiaji, kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa, na lisihesabiwe kama nyika iliyorejeshewa uhai. Hoja ya pili ina uzito pia: ardhi nyingi ya wafugaji leo haina nyasi wala miti, ni udongo mtupu uliochimbwa na maji. Anayesimama kwenye makorongo ya Baringo au sehemu za Kajiado hahitaji kusomewa habari za nyika kamili. Anahitaji kitu kiote. Nakubali kabisa. Ninachouliza ni kitu gani kiote kwanza, na nitarudi hapo.

Hoja ya tatu ni ya hewa ya ukaa, na ndiyo inayoleta fedha, maana kaboni iliyofyonzwa ina wanunuzi. Mti hufyonza kaboni, basi miti mingi ni kaboni nyingi. Kwenye msitu wa mvua hesabu hiyo ina mashiko. Nyikani akiba kubwa iko chini, kwenye mizizi ya nyasi na udongo, ambako moto haufiki. Katika hifadhi ya Kruger nchini Afrika Kusini kuna vipande vya ardhi vilivyowekwa chini ya majaribio ya moto tangu 1954. Watafiti walipopima kaboni yote, ya juu na ya chini, waliona kwamba kuzuia moto kwa miongo yote hiyo, na kuacha miti ijae, kuliongeza akiba kidogo kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa. Aliyenunua kaboni ya kichaka amenunua kitu kinachoweza kuungua wiki moja. Ya nyasi imelala chini ya miguu ya ng'ombe.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa kuliko zote: mti ni mti, wowote ni bora kuliko ardhi tupu, na zaidi ya hayo miti huleta mvua. Kuhusu mvua, misitu mikubwa ya milimani hukamata ukungu na kurudisha mvuke angani, hilo halina ubishi. Lakini mti uliopandwa mahali pa nyasi hunywa kwanza. Huko Mokobulaan, Mpumalanga, nchini Afrika Kusini, bonde la nyasi lilipandwa mikaratusi mwaka 1969. Kufikia mwaka wa tisa kijito chake kilikauka kabisa. Miti ilipokatwa ikiwa na umri wa miaka 16, maji hayakurudi palepale. Ilichukua miaka kama mitano. Kenya haikuhitaji kwenda mbali hivyo kujifunza: mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji.

Kuhusu mti kuwa mti, tunayo Baringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa pale mti kutoka Amerika, Prosopis juliflora, ambao Wakenya wanaujua kwa jina la mathenge. Nia ilikuwa njema: kuni, kivuli, kuzuia vumbi. Tena kwa kipimo cha kampeni ulifaulu kupita matarajio, maana miche haikufa. Mbuzi walikula maganda yake matamu, wakazisambaza mbegu kwa kinyesi, na ndani ya miaka michache kingo za ziwa na malisho vikageuka vichaka visivyopitika, chini yake bila nyasi. Meno ya mbuzi yakaoza kwa sukari ya maganda hayo. Wailchamus, wafugaji wa hapo, wakaishtaki serikali mwaka 2006, wakaenda mahakamani na mbuzi kibogoyo kama kielelezo. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari. Linganisha na mgunga. Yote miwili ni ya ukoo wa kunde, yote ina miiba, yote hustahimili ukame. Kwenye fomu ya kuhesabu miti hakuna safu inayoitofautisha. Chini ya mmoja mbuzi anashiba na chini ya mwingine hakuna kitu, na tofauti hiyo ndiyo kila kitu kwa mwenye mbuzi. Kupima urejeshaji kwa idadi ya miti ni kama kupima ndoa kwa idadi ya wageni wa harusi.

Neno la "ardhi tupu" nalo linastahili kukataliwa. Katika ramani nyingi za mipango, malisho ya msimu huonekana tupu kwa kuwa picha imepigwa kiangazi na wenye mifugo wako kwingine. Kisha eneo linazungushiwa uzio, miche inapandwa, na wafugaji wanarudi kukuta njia imefungwa. Ninaposoma kwamba mradi fulani umepewa hekta elfu kadhaa "zisizotumika", swali langu la kwanza huwa ni la mwezi: mwezi gani?

Turudi kwenye kitu gani kiote kwanza, kwa sababu jibu lipo na halikutoka ng'ambo. Shinyanga ilikuwa imefyekwa vibaya, kwanza kwa vita dhidi ya mbung'o, kisha kwa pamba na kuni, hata miaka ya 1980 watu wakauita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ulianza kama wengine, na vitalu na miche. Kilichokuja kuufanya uwe mfano duniani ni utaratibu wa kale wa Wasukuma, ngitili: kipande cha ardhi kinafungwa mvua zikianza, majani yanaachwa yakue na visiki vichipue, na hufunguliwa kiangazi kikikolea kwa ajili ya ndama, ng'ombe wagonjwa na wa kulimia. Kusudi la ngitili ni nyasi. Miti ilirudi yenyewe, kutoka kwenye mizizi iliyokuwa hai chini muda wote, kwa nafasi ambazo maji ya mahali hapo yaliziruhusu. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikishwa zilikuwa kama hekta 600. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Hakuna kitalu kingeweza kuotesha hayo. Mradi wa Kisiki Hai unaoendelea Dodoma umejengwa juu ya ukweli uleule: mkulima anachagua machipukizi machache ya kisiki, anapogoa mengine, anaacha mizizi ya miaka mingi ifanye kazi.

Ngitili zina kasoro zake. Wenye ng'ombe wengi walijimegea vipande vikubwa, na ardhi inapoadimika, eneo lililofungwa kwa mwenye nacho ni eneo lililofungwa dhidi ya asiye nacho. Lakini hayo ni matatizo ya utawala wa ardhi, yanayoweza kujadiliwa barazani. Ikolojia yake ni sahihi kwa sababu iliacha mimea yenyewe ipange nani akae karibu na nani.

Kutoka hapo mambo ya vitendo hayana ugumu wa kuyaona, yana ugumu wa kuyakubali. Mahali palipokuwa na msitu kweli, Mau au Usambara, pandeni, na mpande mchanganyiko wa miti ya pale, si safu za misonobari. Chini ya milimita 650, fedha za kwanza ziende kwenye kuyashika maji, kupumzisha malisho na mbegu za nyasi, na mti uachwe utokane na kisiki. Nyika ambayo bado ina nyasi zake za asili isiguswe kwa jembe hata kidogo, maana nyasi za zamani zikishalimwa hazirudi haraka. Aina zake hupotea kwa karne, wakati mwingine zaidi. Na fomu ya ripoti ibadilishwe. Iulize majani yamefunika sehemu gani ya udongo mwisho wa kiangazi, ni ya kudumu au ya msimu mmoja, na mifugo mingapi ililishwa humo.

Wanaofanya biashara ya vitalu wataona hii ni njia ya kuwanyima riziki, na wengi wao ni vijana na vikundi vya akina mama wanaolipwa kwa kila mche. Lakini mbegu za nyasi nazo ni bidhaa. Huko Baringo, mradi wa RAE umekuwa ukifufua malisho kwa nyasi za asili tangu 1982, na kituo cha KALRO, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kilimo na mifugo, kilichoko Kiboko kimezifanyia kazi aina kama Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba. Wakulima wa Baringo, Kitui na Makueni huzivuna mbegu hizo na kuziuza, huuza na majani makavu yenyewe, na mwaka wa ukame marobota ya majani yana mnunuzi kabla hayajafungwa. Kinachokosekana ni mnunuzi mkubwa wa mbegu mwenye bajeti ya uhakika ya kila msimu, na mnunuzi wa namna hiyo yupo tayari. Kwa sasa ananunua miche.